Mzee kaambiwa ana mesothelioma, ile saratani ya vumbi la asbesto. Wenye uzoefu naomba msaada

Kijana wa Ngamiani

Wakuu habari za jioni. Naandika hapa sababu kichwa kimejaa na sijui nianzie wapi, mtanivumilia ikiwa ndefu.

Mzee wangu ana miaka 71, fundi boila mstaafu, kafanya kazi kiwandani hapa Tanga tangu miaka ya sabini mpaka kiwanda kilipokuja kufungwa. Kazi yake kubwa ilikuwa mabomba ya stimu, yale mabomba juu yake yanapakwa kitu kama plasta nyeupe ili joto lisitoke, ikipasuka wao ndo wanaibomoa kwa nyundo, wanasafisha bomba, wanachanganya unga mpya na maji wanapaka tena. Gasketi nazo walikuwa wanakata wenyewe kutoka kwenye shiti kubwa. Anasema chumba cha boila vumbi lilikuwa linaelea unaliona kabisa jua likipiga dirishani, na hakuna siku mtu alipewa hata kitambaa cha kufunga pua.

Tangu mwaka jana akaanza kuishiwa pumzi, ngazi za msikitini tu anapumzika katikati, kifua upande wa kulia kinauma mpaka begani, na kapungua sana. Hospitali ya kwanza wakapiga eksirei wakakuta maji yamejaa upande mmoja, wakayavuta, wakasema TB wakamwanzishia dozi. Makohozi yalikuwa hayaonyeshi kitu ila akameza dawa miezi yote sita bila kuruka. Maji yakarudi. Yakavutwa yakarudi tena. Na mtaani huku watu wameshaanza kumtengea kikombe chake. Tukampeleka Dar, huko daktari mmoja ndo akamuuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kumuuliza, mzee ujanani ulikuwa unafanya kazi gani? Baada ya hapo ikawa CT skani, wakachukua kinyama kwenye ule utando wa pafu, majibu yakatoka mesothelioma, daktari akasema hii ni ya asbesto.

Sasa wakuu inawezekanaje kitu alichovuta 1978 kije kumlaza mtu leo? Tiba ipo kweli au tutauza kiwanja bure? Na linaloninyima usingizi zaidi ni mama, maana ovaroli za mzee alikuwa anafua yeye kwa mikono, na kabla hajaloweka anazikung'uta uani na sisi watoto tuko palepale tunacheza. Halafu mzee mwenyewe ana shida moja tu, wenzake wa boila waliobaki hai, anasema lazima waambiwe. Tunawaambiaje?

Nesi wa Upanga

Pole sana kaka, na mama mpe pole. Mimi niko wodi ya magonjwa ya kifua miaka mingi, hawa wagonjwa tunawaona, sio wengi, lakini naamini wengine wengi wanazikwa na cheti kinasema TB au nimonia.

Asbesto ni madini, inachimbwa ardhini kama jiwe ila ukiiponda inachambuka nyuzi, na nyuzi zenyewe zikitengana ni nyembamba huzioni kwa macho. Ukivuta, zile ndefu mwili hauwezi kuziyeyusha wala kuzitoa, seli za kinga zinajaribu kuzimeza zinashindwa, panabaki mwasho wa ndani kwa ndani usioisha, na nyingine zinapenya mpaka kwenye utando unaofunika mapafu. Miaka inakwenda, seli za utando zinaharibika kidogo kidogo. Kutoka kuvuta vumbi mpaka ugonjwa uonekane ni miaka 20 hadi 50. Kwahiyo mtu wa 1978 kuugua sasa hivi ndo tabia ya ugonjwa wenyewe, na ndo maana hakuna anayeunganisha, kiwanda kimekufa, mabosi wamekufa, fundi anazeeka kijijini anakohoa.

Kuhusu TB. Huku kwetu maji upande mmoja wa kifua mara nyingi kweli ni TB, daktari akianza na hiyo namwelewa. Tatizo ni pale dozi imeisha, makohozi hayakuwahi kuonyesha vimelea, na maji yanarudi tu, hasa yakiwa na damu damu. Hapo msikubali kuvuta maji na kurudi nyumbani kila mara. Ulizeni kinyama kitachukuliwa lini, maana maji peke yake mara nyingi hayaonyeshi hizi seli, inabidi waingize kamera au sindano ya kuchukua kipande cha utando, na maabara wakipake rangi maalum kutofautisha na saratani ya pafu ya kawaida. Muhimbili wapo mabingwa wa upasuaji wa kifua. Na jambo kubwa kuliko yote kaka, HISTORIA YA KAZI. Mgonjwa akiulizwa kazi anasema "mkulima" au "mstaafu" basi imeisha hapo. Aseme alikuwa fundi boila, alibomoa lagi ya mabomba, yaani ile plasta ya kuzuia joto, mwaka fulani mpaka fulani. Asisubiri kuulizwa.

Mesothelioma haiambukizi. Si kwa kikombe, si kwa kukohoa, si kwa kulala kitanda kimoja. Waambie majirani hivyo hivyo, warudishe kikombe kabatini na vikombe vingine.

Tiba sasa, na hapa siwezi kukudanganya. Kwa walio wengi haiponi. Lakini kutopona na kutotibika ni vitu viwili. Dawa za kemo zinazotumika ni pemetrexed pamoja na cisplatin au carboplatin, hiyo ya kwanza na cisplatin ndo kawaida tangu 2004. Kabla ya kuanza lazima apewe foliki asidi na sindano ya vitamini B12, bila hivyo dawa inamchosha vibaya sana, ulizeni hilo mapema. Cisplatin inagusa figo kwahiyo maji ya kunywa na ya dripu. Tangu 2020 kuna dawa za kuamsha kinga, nivolumab na ipilimumab, kwenye utafiti wake nusu ya wagonjwa walivuka miezi 18 wakati kwa kemo ilikuwa miezi 14, na zilisaidia zaidi kwa zile aina za mesothelioma zilizo kali. Bei yake ndo kilio. Upasuaji mkubwa wa kumenya utando wote, utafiti wa Uingereza uliotoka 2024 ulionyesha waliopasuliwa hawakuishi zaidi ya waliopewa kemo peke yake, kwahiyo mtu akikwambia uza kiwanja umpeleke nje akapasuliwe, kwanza tafuta daktari wa pili.

Maji yanayorudi yana dawa yake. Wanaweza kuyamaliza yote halafu wakamwaga poda ya talki ndani, utando unashikana na ukuta wa kifua, nafasi ya maji inakwisha. Au anawekewa mrija mdogo wa kudumu mnayatoa nyumbani wenyewe. Muulizeni daktari kipi kinamfaa mzee, msiende tu kuvutwa kila yakijaa.

Na tiba shufaa, yaani ile ya kupunguza maumivu na mateso, ianze SASA. Watu wanadhani hiyo ni ya mtu anayekata roho, sio kweli hata kidogo. Mofini ya maji anakunywa, inaondoa maumivu na kwa dozi ndogo inapunguza ile hali ya kukosa pumzi. Inafunga choo kwahiyo apewe na dawa ya kulainisha tangu siku ya kwanza. Ocean Road, hospitali ya saratani pale Dar, wana kitengo hicho, na hospitali kubwa za mikoa ulizia.

Mama nitamrudia, wacha nimalize zamu.

Mzee wa Gati

Kijana mpe salamu baba yako. Mimi nilikuwa karakana ya kukarabati meli miaka ya themanini, chumba cha injini mle ni asbesto kushoto kulia, mabomba, milango ya moto, kila kitu. Sisi kampuni ilikuwa inatupa maziwa kila zamu, tukiambiwa yanasafisha vumbi kifuani. Tuliamini na tulikunywa. Mpaka leo mafundi wa kuchomelea na wa saruji bado wanapewa maziwa. Nesi hili likoje? Na mimi sijisikii kuumwa, navuta sigara kidogo, nikapime?

Nesi wa Upanga

Shikamoo mzee. Maziwa ni chakula kizuri ila yanakwenda tumboni, vumbi liko kwenye mapafu, njia hazikutani. Hakuna maziwa, wala ndizi, wala dawa ya mizizi inayotoa nyuzi za asbesto zikishaingia. Inaniuma sana kusikia bado wanapewa maana mwajiri akishagawa pakiti ya maziwa anajiona kamaliza wajibu, barakoa hanunui, feni ya kunyonya vumbi haweki.

Kupima, ndiyo, nenda hata kama huumwi. Sio kwamba kuna kipimo cha damu cha kukwambia utaugua au hutaugua, hakipo cha kutegemea. Ila eksirei ya kifua na kipimo cha kupuliza pumzi vitaonyesha kama mapafu yameanza kuwa na makovu, na faili lako litaandikwa kwamba uliwahi kufanya kazi na asbesto, siku ukianza kubanwa na pumzi hawatakuanzishia dozi ya TB kwa kubahatisha. Na sigara mzee wangu acha leo. Sigara haileti mesothelioma, lakini asbesto inaleta pia saratani ya pafu lenyewe, na hapo sigara na asbesto zikikutana hatari inapanda mara nyingi kuliko kila moja peke yake. Hiyo ndo sehemu iliyobaki mikononi mwako.

Mama Salma, Leicester

Mwanangu wa Ngamiani, mimi ninao huo ugonjwa. Mwaka wa tatu huu.

Mimi ni mtu wa Mombasa, nimekuja Uingereza na mume wangu miaka hiyo. Yeye alikuwa akifanya kazi ya kuvunja mabomba ya joto kwenye majumba ya zamani, akirudi nywele zote nyeupe utasema ametoka kusaga unga. Nguo nikizifua mimi. Sijawahi kuingia kazini kwake hata siku moja. Yeye Mungu alimchukua kwa moyo, kifua chake kilikuwa kizima, mimi ndiye nilieshikwa. Kwa hivyo kuhusu mama yako sikufichi, inawezekana, tumo wengi wake na watoto tulioipata kwa kufua nguo. Lakini pia usiku nisikulaze na khofu, wengi zaidi wamefua hizo nguo na hawakupata kitu. Mpeleke akapigwe picha, aelezwe dalili, aishi maisha yake.

Nikuambie vile naishi, pengine mzee akisomewa atajua hayuko peke yake. Asubuhi ndio nina nguvu, basi mambo yangu yote ni kabla ya adhuhuri, kupika, simu, kutoka. Alasiri nalala. Pumzi ikibana siendi kulala chali, nakaa kwenye kiti nainama mbele mikono juu ya meza, na nina kifeni kidogo cha betri napulizia uso, daktari ndiye aliyenifundisha, ukipuliza kwenye mashavu na pua ile hamu ya hewa yashuka kabisa. Kuoga naoga nimekaa kitako. Chakula kidogo kidogo mara nyingi, uji wa maziwa na tende, maana nikila sahani nzima tumbo lasukuma kifua. Nilipewa zile dawa za kinga alizotaja nesi. Ngozi ilikuwa ikiniwasha mpaka nalia na tezi ya shingo ikaharibika, sasa nameza kidonge chake kila siku, lakini uvimbe ulisinyaa na umekaa hapo hapo.

Wakati naambiwa nilikwenda kusoma kwenye mtandao, kosa la kila mgonjwa, nikaona miezi tu. Daktari wangu akanieleza habari ya mwanasayansi mmoja wa Marekani, Stephen Jay Gould, aliambiwa ana mesothelioma ya tumbo mwaka 1982, vitabu vya wakati ule vikisema nusu ya wagonjwa hawavuki miezi minane. Aliishi miaka ishirini na alipokufa 2002 ilikuwa kwa saratani nyingine kabisa. Sisemi sote tutakuwa kama yeye. Nasema ile nambari ya katikati si yako, nusu ya watu wako upande wa pili wa hiyo nambari, na hakuna ajuaye wewe uko wapi.

Jambo la kuwaambia watu. Huku kuna siku ya mesothelioma, ijumaa ya kwanza ya mwezi wa saba kila mwaka, Marekani wao ni tarehe 26 Septemba. Mimi ijumaa hiyo naenda kituo cha wazee wetu baada ya swala, wako wanaume wa Zanzibar, Mombasa, Barawa, wengi walikuwa baharini, wengi vyumba vya injini. Mwanzo walikuwa wananiambia bi Salma mambo ya saratani hayasemwi hadharani. Nikawa siwaambii saratani kwanza, nawauliza tu, wewe ulifanya kazi meli gani, kazi gani, ulikuwa unalala wapi. Wanaume wapenda kusimulia kazi zao. Wakishasimulia ndipo nawaambia basi hayo uliyoniambia mimi, kesho kamwambie daktari. Wawili walikwenda wakakutwa na makovu ya asbesto mapafuni, sasa wanaangaliwa. Mzee wako na afanye hivyo hivyo, awaite wenzake kahawa, wakumbushane boila. Hofu haitaingia kwa sababu hujaanza na kifo.

Fundi Kayole

Pole kwa mzee. Mimi niko upande wa mjengo Nairobi na nataka niongelee hii kitu kwa wale wenye hawajagonjeka bado, juu naona watu wanafikiria asbesto ni story ya viwanda vya zamani. Hapana. Iko juu ya vichwa zetu. Zile nyumba za serikali za kitambo, za reli, mashule, zahanati, ile paa nene ya kijivu yenye mawimbi makubwa imeota kuvu nyeusi, hiyo ndio yenyewe. Ni simiti imechanganywa na asbesto kama asilimia 10 mpaka 15.

Ikiwa nzima imetulia haitoi vumbi mingi. Shida inaanza mtu akiikata na grinda, akiitoboa, akiisugua na brashi ya waya ndio apake rangi, ama akiirusha chini ivunjike. Na hivyo ndivyo watu wanafanya kila siku! Nimeona paa ya shule ikitolewa na vijana wa kibarua wamevaa t-shati, shiti zinatupwa kutoka juu pwaa, watoto wako darasa la pili hapo karibu, jioni wamama wanakuja kuchukua vipande vya kujengea kuku. Hapa Kenya kanuni za taka za 2006 ziliweka asbesto kwa orodha ya taka hatari, kutoa ni mpaka uwe na leseni ya NEMA, ile mamlaka ya mazingira, lakini nani anafuatilia fundi wa mtaa?

Njia ya sawa ni hii. Unalowesha shiti na maji yenye sabuni kidogo ndio vumbi isipae. Unafungua bolti pole pole, huvunji, unashusha kwa mkono shiti moja moja. Unafunga na plastiki nzito mara mbili, unaandika ASBESTO, inaenda kuzikwa mahali pameruhusiwa, haichomwi, haiuzwi, haipewi jirani. Barakoa ya kitambaa ama ile ya bluu ya hospitali haisaidii kitu, ni ile ya kuziba kabisa yenye chujio la P3, lile la kushika vumbi laini sana. Na nguo za kazi HAZIENDI NYUMBANI, si umesikia Mama Salma. Mwenye hana uwezo wa hiyo yote, afadhali aache paa kama iko nzima mpaka apate mwenye leseni.

Rwanda walianza kampeni ya nchi nzima 2011 ya kutoa hizi paa, nyumba kwa nyumba, shule kwa shule, na wamefika mbali. Afrika Kusini walipiga marufuku 2008 na wao walikuwa wanachimba yenyewe. So inawezekana.

Na mafundi wa magari, ile kupuliza vumbi ya breki na kompresa, acheni jameni. Breki za zamani zilikuwa na asbesto na zingine za bei rahisi huwezi jua ziko na nini. Futa na kitambaa chenye maji.

Mwalimu wa Nyanda za Juu

Nimesoma nimebaki nimeduwaa. Shule yetu madarasa manne ya zamani yana paa hilo hilo na moja limepasuka, watoto mpira ukipanda juu wanapanda kuutoa. Nifanye nini kesho asubuhi?

Fundi Kayole

Mwalimu, kesho hiyo darasa yenye imepasuka funga, hamisha watoto. Piga marufuku kupanda paa hata mpira ukipotea. Vipande vyenye vimeanguka usifagie na fagio kavu, lowesha, okota na glavu weka kwa plastiki ufunge, halafu sakafu pangusa na kitambaa kibichi. Piga picha, andika barua kwa halmashauri na nakala kwa NEMC, baraza la mazingira huko Tanzania, usiandike "paa bovu", andika neno asbesto, hiyo ndio itafanya mtu ainuke kwa kiti. Hatari kubwa ni kuvuta vumbi mingi kwa miaka, kwa hivyo usichanganye wazazi sana, lakini pia hakuna kiwango mtu anaweza sema ni salama kabisa, usikae tu.

Katibu Mstaafu

Niongezee la haki. Nilikuwa chama cha wafanyakazi. Ugonjwa huu ni wa kazini, sio bahati mbaya ya Mungu kama wanavyopenda kusema waajiri. Kwamba asbesto inaua ilijulikana zamani, na mesothelioma yenyewe mwaka 1960 daktari Wagner na wenzake wa Afrika Kusini walichapisha wagonjwa 33, karibu wote wa machimbo ya asbesto ya bluu kule Cape, na wengine hawakuwa wachimbaji, walikuwa wanaishi tu karibu, walicheza kwenye malundo ya taka wakiwa watoto. 1960! Baba yako hajaanza hata kazi. Hizo habari zilikuwepo na bado mtu alipewa nyundo na unga bila barakoa, hilo mimi haliniishi moyoni.

Watu wa kule Afrika Kusini walipambana, zaidi ya 3,000 wakadai kwenye mahakama za Uingereza dhidi ya kampuni ya Waingereza iitwayo Cape, na mwaka 2000 mahakama ya juu kabisa ya huko ikasema kesi isikilizwe London, baadaye wakalipwa. Ilichukua miaka na wengine walikufa wakisubiri.

Kwetu Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ulianza kazi 2015 kwahiyo kwa mtu aliyestaafu zamani lazima mwende ofisini kwao mkaulize kwa maandishi, msikatae kwa niaba yao. Kusanyeni barua ya ajira, hati za mshahara, kadi ya mfuko wa pensheni, picha yoyote ya kiwandani, na majina ya wenzake wanaoweza kushuhudia alikuwa boila. Mzee arekodiwe kwenye simu akisimulia mwenyewe kazi yake, tarehe na vifaa. Fanyeni hilo wiki hii wakati ana pumzi ya kuongea.

Kijana wa Ngamiani

Wakuu sijui niseme nini. Shikamoo Mama Salma, nimemsomea mzee maneno yako yote na akaniambia nirudie ile sehemu ya kifeni, kesho yake nikamnunulia sokoni, anasema kinamsaidia kuliko dirisha wazi. Na akasema nikwambie na yeye asubuhi ndo mtu.

Tulirudi Dar. Daktari anapendelea poda ya talki kwanza kisha kemo, nilimuuliza kuhusu B12 na foliki asidi akashangaa nimejulia wapi, tayari kaandika. Mofini kaanza, juzi kalala usiku kucha. Mama kapigwa picha, kifua chake hakijaonyesha kitu, na kwenye faili wameandika kwamba alikuwa anafua nguo za mfanyakazi wa asbesto, niliwasimamia mpaka nikaona limeandikwa.

Kahawa ya boila imefanyika barazani kwetu. Walikuja wachache waliobaki na mjane mmoja wa mwenzao aliyefariki zamani kwa "TB isiyosikia dawa". Mzee hakuanza na ugonjwa, alianza kuwauliza nani anakumbuka valvu kubwa iliyopasuka usiku wa Idi, wakacheka mpaka akaanza kukohoa, ndo akawaambia. Mmoja akasema na yeye pumzi hazimtoshi ila aliona ni uzee. Jumatatu nampeleka hospitali ya mkoa na karatasi tumeshaandika: jina, miaka aliyofanya kazi, kazi yenyewe, kubomoa lagi ya asbesto kwenye mabomba ya stimu.

Wa mwisho niombe. Kama una baba, babu au mjomba aliyefanya kazi boila, bandari, reli au kiwanda chochote Tanga miaka ile, andika hapa chini kazi yake tu, jina sihitaji. Hiyo karatasi nimeitoa kopi, nitakutumia uijaze.

Mzee wa Gati

Nitumie mbili. Moja yangu na moja ya jirani yangu, alikuwa fundi wa vichwa vya treni.